Mahali pa Kupinda: Kumbukumbu Kuhusu Uchaguzi wa Bumu la Ubao wa Tanga

Katika mchezo wa ubao wa tanga, ambao mtu mmoja husimama juu ya ubao na kusukumwa na upepo kwa tanga alilolishika kwa mikono yake mwenyewe, bumu ndicho kifaa ambacho mchezaji hukigusa kwa muda wote wa safari, ukiuacha ubao ulio chini ya nyayo zake. Bumu ni jozi ya mabomba yaliyopindwa mfano wa upinde, yanayofungwa mbele kwenye mlingoti kwa kibano na kukutana nyuma kwenye kipande kinachoitwa mkia, hivi kwamba tanga hukaa katikati na mchezaji huweza kulishika akiwa upande wowote. Neno hili lisichanganywe na bumu ambalo ni jahazi la Ghuba lililochongoka mbele na nyuma, wala na bumu la wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania, ambalo ni fedha za mkopo za kujikimu, ingawa hilo la mwisho nalo, kama ajuavyo kila aliyewahi kulisubiri, huwa na kasoro ya kuwa jepesi mno.

Anayekwenda kununua bumu hukabiliwa na sifa mbili ambazo wauzaji huzitaja kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja, nazo ni wepesi na ukakamavu. Wepesi hauhitaji maelezo, kwani mizani huumaliza ubishi. Ukakamavu ni uwezo wa kifaa kukataa kupinda kinapobebeshwa mzigo, na ni lazima utenganishwe na uimara, yaani uwezo wa kutovunjika, kwa sababu fito ya mwanzi ni imara lakini hupinda sana, ilhali kioo hakipindi lakini huvunjika kwa pigo dogo. Sifa hizi tatu hazitembei pamoja, na sehemu kubwa ya makosa yatakayoelezwa hapa, yakiwemo ya mwandishi mwenyewe, ilitokana na kudhani kwamba hutembea pamoja.

Bumu la namna hii lilipata umbo linalojulikana leo huko California mwishoni mwa miaka ya 1960, pale mhandisi wa ndege Jim Drake na mwenzake Hoyle Schweitzer walipounda ubao wenye mlingoti unaoweza kuinamishwa kila upande, kisha wakaomba hataza yake mwaka 1968. Mabumu ya mwanzo yalikuwa ya mti wa msaji, yakifungwa kwenye mlingoti kwa kamba tupu, na kwa kuwa kamba hulegea inapolowana, mchezaji wa siku zile alikuwa akishika kitu kilichocheza mikononi mwake kama mlango uliolegea bawaba. Baadaye ilikuja alumini, kisha katika miaka ya 1980 vikaja vibano vinavyoukumbatia mlingoti kwa nguvu, na hatimaye nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi. Katika mfululizo huo kilichotafutwa kwanza kilikuwa kuondoa ulegevu, na habari ya gramu ikafuata nyuma, jambo ambalo mabango ya biashara ya leo yameligeuza juu chini.

Mwandishi wa kurasa hizi alijifunza mchezo huu katika pwani ya mashariki ya Unguja, kwenye maji ya ndani ya mwamba baina ya Paje na Jambiani, ambako kusi huvuma kuanzia Juni hadi Septemba na kaskazi hushika zamu yake kuanzia Desemba. Maji hayo ni mwalimu mpole na mkali kwa pamoja: mwamba wa nje huyavunja mawimbi makubwa, lakini wakati wa bamvua maji hukauka hadi ubao ukwame mchangani, na mashamba ya mwani ya akina mama, yenye vigingi na kamba zilizotandazwa chini ya uso wa maji, humlazimisha mchezaji kujua mahali pa kupita na kuwa na uwezo wa kugeuka anapotaka, si pale upepo utakapomruhusu. Uwezo huo wa kugeuka kwa hiari ndio uliomfanya mwandishi auchunguze upya uchaguzi wake wa bumu.

Bumu lake la kwanza lilikuwa la alumini, la bomba jembamba, lenye urefu unaorekebishwa kuanzia sentimita 140 hadi 190, na lilipimwa kwa mizani ya jikoni likawa na kilo 2.6. Alilichagua kwa sababu lilikuwa jepesi kuliko mengine yote yaliyokuwa mbele yake siku ile, na kwa sababu muuzaji, ambaye hakuwa mwongo bali alijua kuuza tu, alimwachia alishike kwa kidole kimoja. Tanga lake lilikuwa la mita za mraba 7, nalo lilidai bumu livutwe hadi tundu la mwisho. Kwa upepo wa noti 12 au 13 hapakuwa na lalamiko lolote. Upepo ulipofika noti 20, sawa na takriban kilomita 37 kwa saa, tanga lilikuwa kama limebadilishwa: kila ulipokuja mkumbo wa upepo, mkono wa nyuma ulivutwa ghafla, ubao ukageuza pua kuelekea joshini bila kuamriwa, na mchezaji akalazimika kulegeza tanga wakati uleule alipohitaji kulikaza.

Kwa msimu mzima mwandishi aliamini kwamba kasoro ilikuwa ya mikono yake. Akaongeza mazoezi ya viganja, akanunua mkanda mpya wa kiunoni, ule wenye ndoana inayomwezesha mchezaji kujining'iniza kwenye vitanzi vya bumu ili uzito wa mwili ufanye kazi ya misuli, na akabadilisha mahali pa vitanzi hivyo mara nyingi kiasi kwamba sponji ya bumu ilichakaa. Hakuna kilichosaidia kwa muda mrefu, kwa kuwa mahali palipofaa kwa upepo wa wastani palikosea kwa sentimita kadhaa kila mkumbo ulipofika.

Maelezo ya jambo hilo yanapatikana katika namna bumu linavyofanya kazi. Tanga la ubao huundwa kwa mivuto miwili: kamba ya chini, inayolivuta tanga kuelekea mguu wa mlingoti na kuupinda mlingoti wenyewe, na kamba ya nyuma, inayoivuta pembe ya nyuma ya tanga kuelekea mkia wa bumu. Kamba hii ya pili ndiyo inayoamua ukubwa wa tumbo la tanga, yaani kina cha mpindo ambao upepo huusukuma. Upepo unapoongezeka, tanga huvuta mkia wa bumu kuelekea mlingotini, na mabomba mawili yaliyokwishapindwa tangu kiwandani hubanwa kutoka ncha hadi ncha kama upinde unaovutwa uzi wake. Yakiwa malegevu, hutanuka kwa nje, na mkia husogea mbele. Mvuto wa mchezaji aliyejining'iniza kwenye bomba la upande wake huzidisha upotovu huo. Umbali baina ya mlingoti na mkia unapopungua hata kwa sentimita 2 au 3, tumbo la tanga huongezeka na kitovu cha nguvu yake hurudi nyuma. Kwa maneno mengine, bumu legevu hulijaza tanga wakati wa mkumbo, ambao ndio wakati ambapo tanga linapaswa kuwa bapa, na hulifanya bapa upepo unapofifia, ambapo tumbo lingehitajika. Ni mtumishi anayefuata amri zote kinyumenyume.

Hapa inafaa kuutaja mtazamo wa mzee mmoja, nahodha wa ngalawa, ambaye alikuwa na mazoea ya kukaa chini ya mvinje kuangalia vyombo vya plastiki vikifungwa na kufunguliwa. Alipoelezwa kwamba watengenezaji hushindana kutafuta bumu lisilopinda, hakukubali. Kwake yeye, foromali, yaani mti mrefu unaolibeba tanga la ngalawa au jahazi, ni lazima ipinde, kwa kuwa ncha yake ya juu ndiyo inayoumwaga upepo uliozidi, akasema, "Foromali kavu huvunja mlingoti, mwanangu, na mlingoti ukivunjika huna wa kumlaumu." Jibu la mzee lilikuwa sahihi kabisa kuhusu foromali, na lilichukua muda kutambulika kwamba halikuwa jibu kuhusu bumu. Katika ubao wa tanga kazi ya kumwaga upepo hufanywa na ncha ya mlingoti, ambayo hupinda kwa makusudi, na ukingo wa nyuma wa tanga hufunguka juu na kuuachia upepo upite. Foromali na ncha ya mlingoti ni ndugu. Bumu ni ndugu wa demani, kamba inayoizuia pembe ya tanga mahali ilipowekwa, na hakuna nahodha atakayetaka demani inayorefuka yenyewe kila upepo unapokaza. Mzee alipoambiwa hivyo alicheka, akasema kwamba basi wangeliita demani tangu mwanzo, na pengine alikuwa na haki.

Ushahidi wa kwanza wa kivitendo ulitokea kwa bahati, mchana mmoja wa Agosti, pale mwandishi alipoazima bumu la mchezaji mwenzake kwa sababu kishikizo cha mkia wa lake kilikuwa kimejaa mchanga na kukataa kusogea. Bumu la kuazimwa lilikuwa la alumini vilevile, kuukuu, lenye urefu wa kuanzia sentimita 160 hadi 220, na lilikuwa zito kwa zaidi ya nusu kilo. Lilifungwa kwa urefu uleule wa sentimita 190, kwenye tanga lilelile, katika upepo uleule uliokuwa ukimsumbua. Tanga likatulia. Mikumbo iliendelea kuja, lakini sasa kila mkumbo uligeuka kuwa kasi badala ya kuwa mvuto wa mkono wa nyuma, na vitanzi vilikaa mahali pamoja alasiri nzima. Kifaa kilichokuwa kizito zaidi kilikuwa kimeufanya mzigo wa mikono kuwa mwepesi zaidi, na mwandishi alirudi ufukweni akiwa na aibu ya mtu aliyekuwa akiilaumu miguu yake kumbe kiatu ndicho kilichokuwa kidogo.

Tofauti ya mabumu hayo mawili haikuwa katika madini, kwani yote yalikuwa ya alumini, bali katika mambo ambayo mizani haiyaoni. Jambo la kwanza ni urefu wa mkia uliotoka nje. Bomba la mkia ni jembamba kuliko la mbele, kwa kuwa huingia ndani yake, na katika bumu la kwanza lilikuwa limetolewa sentimita 50, wakati katika lile la kuazimwa lilitolewa sentimita 30 tu. Kanuni ya mihimili inayofundishwa katika uhandisi husema kwamba mpindo wa fito iliyoshikwa upande mmoja huongezeka kwa kipeo cha tatu cha urefu wake. Kwa hesabu ya darasani, ambayo haizingatii mengi lakini huonyesha mwelekeo, sentimita 50 dhidi ya 30 ni mpindo wa zaidi ya mara 4 kwa mzigo ule ule. Isitoshe, mkia uliotolewa wote hubakiwa na sehemu fupi iliyopishana na bomba la mbele, na kiungo chenye mpishano mfupi hucheza. Jambo la pili ni kichwa, yaani sehemu ya mbele inayobeba kibano: katika bumu la kwanza mabomba mawili yaliingizwa katika kichwa cha plastiki, ilhali katika la pili bomba moja lilipindwa na kuizunguka sehemu hiyo bila kukatika, hivyo mzigo ulipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine bila kukutana na kiungo. Kwa uzoefu wa mwandishi, ulegevu mwingi wa mabumu ya bei nafuu hukaa katika viungo hivi vya mbele na nyuma, na mnunuzi anayeuliza aina ya bomba bila kuuliza habari za kichwa anauliza swali dogo kwanza.

Jambo la tatu ni kipenyo. Bomba lenye ukuta wa unene uleule huongezeka ukakamavu kwa kipeo cha tatu cha kipenyo, lakini huongezeka uzito kwa kadiri ya kipenyo tu, hivi kwamba kutoka milimita 28 hadi 30 hugharimu takriban asilimia 7 ya uzito na kuleta takriban asilimia 23 ya ukakamavu. Biashara hiyo ingekuwa nzuri bila mwisho kama binadamu asingekuwa na viganja. Bomba nene huilazimisha misuli ya mkono kukaza ili vidole visifunguke, na mchezaji mwenye kiganja kidogo huchoka kabla ya upepo kuchoka.

Ni hapa ambapo nyuzi za kaboni huingia kwa haki, ingawa si kwa sababu inayotangazwa. Ukakamavu wa alumini hauna siri: ni takriban gigapaskali 70, na kipimo hicho karibu hakibadiliki kutoka aloi moja hadi nyingine, hata pale muuzaji anaposisitiza kwamba bumu lake ni la aloi bora. Aloi ya 7075 ni imara karibu mara mbili ya aloi ya 6061, maana yake inahitaji mzigo mkubwa zaidi kabla ya kupinda moja kwa moja au kukatika, lakini chini ya mzigo wa kawaida zote mbili hupinda karibu sawasawa. Kaboni iliyogandishwa, ambayo uzito wake kwa ujazo ni kama gramu 1.6 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 2.7 za alumini, humruhusu fundi kuzielekeza nyuzi nyingi kwa urefu wa bomba, mahali zinapopigana na mpindo, na hivyo kupata bomba jembamba linalokaa vizuri kiganjani na bado likawa kakamavu. Wembamba huo ndio faida yake kubwa. Nusu kilo inayookolewa ni zawadi ya ziada, kwani mlingoti na mguu wake, tanga na bumu kwa pamoja hufikia kama kilo 10, na mtu anayeliinua tanga lililolala majini huinua pia maji yaliyokaa juu yake, ambayo hayajawahi kuuliza bumu limetengenezwa kwa nini.

Haimaanishi kwamba uzito ni jambo la kudharauliwa kila mahali. Mchezaji wa mawimbi, anayetumia tanga la mita za mraba 4 au 5 na kuligeuza upande mmoja hadi mwingine kwa kufumba na kufumbua, huhisi kila gramu iliyo mbali na mlingoti, na kwa kuwa bumu lake ni fupi, ukakamavu hupatikana karibu bure. Mtoto anayejifunza naye anahitaji wepesi kuliko kitu kingine chochote. Kwa upande mwingine, katika daraja la iQFoil lililoshindaniwa katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 2024 huko Marseille, ambako wanaume hutumia tanga la mita za mraba 9 na wanawake la mita 8, bumu ni refu na mchezaji hulipampu tanga kwa mivuto mikubwa ya mwili mzima. Nguvu yoyote inayoishia katika kulipinda bumu ni nguvu iliyotoka mwilini na haikufika kwenye ubao.

Mwandishi hatimaye alinunua bumu la kaboni la sentimita 160 hadi 210, na baada ya misimu miwili likamfundisha somo la sifa ya tatu, ile ya uimara. Lilianguka juu ya jiwe la mwamba wakati wa kubeba vyombo, likapata alama ndogo isiyozidi ukucha, na kwa kuwa halikuonyesha mpindo wowote, liliendelea kutumika. Wiki moja baadaye lilikatika karibu na mwamba wa nje, bila mlio wa tahadhari, maji yakiwa yanakupwa; safari ya kurudi ilikuwa ya miguu, ubao ukiburutwa kwa kamba baina ya mistari ya mwani, mbele ya akina mama waliokuwa wakivuna na ambao pole zao zilichanganyika na vicheko. Alumini ingepinda kwanza na kutoa habari. Kwa upande wake alumini hufa polepole kwa ndani, kwani chumvi huacha unga mweupe kwenye matundu ya vishikizo, na mahali inapogusana na kaboni katika maji ya bahari kutu yake huenda kasi zaidi, hivyo bumu la mseto, lenye mwili wa alumini na mkia wa kaboni au kinyume chake, hudai kufunguliwa na kusuuzwa kwa maji baridi kila jioni. Katika pwani ambako kipuri huja ndani ya mzigo wa abiria wa ndege, kama kikija, kusuuza huko si usafi tu.

Kipimo ambacho mwandishi amekuja kukitumia hakihitaji maabara. Bumu hufungwa kwa urefu ambao tanga lake kubwa litaudai, kibano kikakazwa kwenye kipande cha mlingoti, mkia ukawekwa sakafuni juu ya kitambaa, kisha bomba likasukumwa kwa kiganja pale vitanzi vinapokaa, huku jicho likitazama kichwa na mkia badala ya kutazama katikati. Wauzaji wengine hukunja uso. Wengine, na hao ndio wa kurudiwa, huleta bumu la pili ili yalinganishwe.

Lile bumu la kwanza la kilo 2.6 halijatupwa. Linatumiwa na kijana mmoja wa Jambiani kwa tanga la mita za mraba 5, likiwa limefungwa kwenye tundu la pili kutoka mwanzo, na kwa urefu huo halina kasoro yoyote. Matundu ya nyuma yamezibwa kwa gundi ili asije mtu akalivuta tena hadi mwisho.